Mguu wa Nanyokie, Masika ya 2025

Jumatatu, 3 Machi 2025. Karatu

Gari la chuo limenishusha mlangoni pa karakana na makopo yangu ya gundi nyeusi. Njia nzima kutoka Arusha nilikuwa nimeyapakata, mpaka dereva akaniuliza kama ni asali. Nikamwambia asali ina nafuu, ikimwagika unaweza kulamba.

Gundi yenyewe ni epoksi ya kawaida. Kinachoifanya iwe nyeusi ni vineli vya kaboni, mirija midogo kiasi kwamba unywele wa mtu mbele yake ni gogo. Vikiwa ghafi vineli hivi havisikii la mtu. Vinajikunja madonge kama uji uliokorogwa na mvivu, na gundi inapita juu yake bila kushika. Januari yote na Februari nilikuwa maabara nimevaa barakoa, navichemsha kwenye asidi mpaka ngozi yake ichubuke na kuota vishikio. Sasa vinaishika gundi na gundi inavishika. Unga wake haufai kuvutwa puani, ndiyo maana nimeuchanganya huko huko nikaja na makopo tu.

Kazi yangu msimu huu ni kutengeneza mguu bandia wa katani na faiba, ulioshikwa na gundi hii, na kuona kama utavuka masika. Miguu ya katani niliyojaribu mwaka jana bila vineli iliachana tabaka kwa tabaka mara tu maji yalipopenya. Hospitali za huku hazihitaji mguu unaopendeza kiangazi.

Mkuu wa karakana anaitwa Hilary, mtu wa Mbulu aliyesomea viungo bandia Moshi. Alifungua kopo moja, akanusa, akafunga. "Dada Selina," akasema, "mguu siyo karatasi ya shahada."

Nimemjibu kwa heshima. Hapa ninaandika bila heshima: sijampenda.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua bado. Vumbi jekundu limeingia hadi kwenye chai.

Jumamosi, 8 Machi. Qurus

Nimelala nyumbani. Baba amemaliza kulima shamba la juu, anangoja mvua apande mahindi na maharage ya ngwara. Jioni alinitazama nikichuja maziwa, akasema, "Miaka yote hiyo ya shule, mwanangu, kumbe ni miguu."

Nikamwambia ni mguu mmoja tu kwa kuanzia, wa mama mmoja wa Endulen.

"Mmaasai."

"Ndiyo, baba."

Nilijua kinachokuja. Ng'ombe wa babu yake walichukuliwa usiku mmoja wakaelekea upande huo huo, na baba yangu, Wilibrodi Hhando, ambaye hakuwa amezaliwa, anawakumbuka kwa rangi. Nilimkumbusha kwamba ni zamani mno. Akasema ng'ombe si kitu cha kusahau kwa sababu tu umechelewa kuzaliwa.

Nimecheka, lakini sikufurahi. Nilitaka aulize habari za vineli.

Jumanne, 11 Machi

Amekuja. Anaitwa Nanyokie, wa Endulen, mama wa makamo, mrefu, shuka la bluu limefungwa begani bila kasoro. Mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti. Aliumwa na kifutu akichota maji, miaka mingi iliyopita. Mguu bandia wake wa zamani umepasuka ubavuni, ameukaza kwa ukanda wa mpira wa tairi.

Nilimsalimia kwa Kimaasai nilichonacho, "Takwenya, yeyo," yaani hujambo, mama. Akaitika "Iko" kisha akahamia Kiswahili, nadhani kwa kunihurumia.

Kazi yake ni kuwasindikiza wajawazito kutoka maboma ya mbali hadi hospitali. Zamani alikuwa akiwazalisha mwenyewe. Tangu wauguzi walipomshawishi, anawapeleka. Wanawake wengine hawakubali kuondoka bomani bila yeye, kwa hiyo akikosekana yeye inakosekana safari. Masika iliyopita mguu ulimpasukia korongoni akiwa na mwanamke mwenye uchungu.

"Nilitambaa," akasema. "Yeye mwenye mimba ndiye aliyenishika mkono. Wewe umewahi kumwangukia mtu anayekutegemea?"

Nikasema hapana.

"Basi nieleze vizuri. Huu wako utavunjika lini?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo. Chuoni wanauliza una nguvu kiasi gani. Nikamwambia mguu wowote unaweza kuvunjika, ila huu utatoa habari kwanza. Vineli vinapitisha umeme. Vimesambaa ndani ya gundi nzima, vimegusana, umeme mdogo unapita humo kama watu wanaopita vichochoro vya mtaa. Ufa ukianza ndani, hata usioonekana kwa macho, vichochoro vinakatika, umeme unapata taabu kupita, na namba kwenye mita inapanda. Nikamwonyesha mita, ile ile ya mafundi umeme, na mahali pa kugusisha ncha zake kwenye parafujo mbili nitakazoacha nyuma ya mguu.

"Kwa hiyo mguu utasema."

"Utasema namba, yeyo."

"Namba nazijua," akasema. "Simu nazipiga mwenyewe."

Hilary alikuwa amesimama nyuma akisikiliza. Yule mama alipoondoka, Hilary akaniambia nitengeneze miguu miwili, pacha, kwa kipimo kile kile. Nilimwuliza wa pili ni wa nini, gundi yenyewe ni ya kuhesabu. "Wa kuteswa," akasema. Nimekubali kwa shingo upande.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imeanza! Imegonga bati kiasi kwamba tulikuwa tunaelekezana kwa mikono.

Tumevalisha kalibu ya plasta: faiba nje, katani katikati, faiba tena ndani, gundi nyeusi ikipakwa kila tabaka, kisha mfuko wa nailoni na pampu ya kufyonza hewa. Hilary anakunja kitambaa kwenye kona ya goti bila hata kifinyo kimoja. Hilo lazima nikiri.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya kuandika kirefu, maana ni siku yangu.

Nanyokie amevaa mguu. Ni mweusi kama kigae cha chungu, unang'aa, katani inaonekana kwa mbali chini ya gundi kama nyasi chini ya maji. Aliuinua akaupima kwa mkono. Akashangaa wepesi wake, akageuza midomo. Akaingiza kigutu, akakaza mikanda, akasimama kati ya vyuma viwili vya kujishikia.

Hatua ya kwanza alishika vyuma. Ya pili akaviacha.

Alitembea hadi mlangoni, akatoka nje kwenye matope bila kuomba ruhusa. Hilary akamfuata na mwavuli, mimi nikafuata na mita. Akapanda kile kilima kidogo cha nyuma ya karakana ambako watu wenye miguu yao miwili huteleza, akageuka juu kule akatutazama tulivyolowana.

"Hautoi mlio," akasema. "Ule wa zamani ulikuwa unalia kama mlango."

Nilipima pale pale. Kumi na nne. Nikamwambia hiyo ndiyo namba ya afya yake. Baridi ya asubuhi inaweza kuipandisha kidogo, hilo asiogope. Ikivuka ishirini anipigie. Kila Jumapili apime, anitumie.

Nilitamani baba angekuwepo. Nilitamani na yule mwalimu wangu wa kidato cha pili aliyesema kemia ya wasichana inaishia jikoni angekuwepo, apewe mwavuli ashike.

Jumapili, 23 Machi

Nanyokie, kutoka Endulen: kumi na nne.

Jumanne, 25 Machi

Pacha ameanza kuteswa. Hilary amepata mota ya waipa kwa rafiki yake mwenye gereji ya magari ya watalii. Tumeifunga kwenye mkono wa chuma, nayo inausukuma na kuuachia mguu mchana kutwa kama mtu anayetembea bila kusogea. Betri ya gari inaiendesha hata umeme ukikatika, na masika hii umeme unakatika kila wingu linapopita. Jioni tunautumbukiza mguu kwenye pipa la maji na udongo mwekundu.

Nilipendekeza maji safi, kama ya maabara. Hilary akaniuliza ni wapi Ngorongoro nimeona maji safi mwezi wa nne.

Jumapili, 30 Machi

Kumi na nne. Pacha naye kumi na nne, pamoja na pipa lake.

Jumapili, 6 Aprili

Kumi na nne. Mvua kila siku. Barabara ya kushuka kutoka ukingo wa kreta inasemekana ni sabuni.

Baada ya misa Hilary alinikuta nimekaa karakana peke yangu, akaketi. Akaniambia jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka bila kujua. Alipokuwa kijana kazini, mahali pengine, aliletewa aina mpya ya mguu, mzuri, mwepesi, akaambiwa umejaribiwa. Akamvisha mchungaji mmoja wa mbuzi. Ulikatika mteremkoni, yule mtu akavunjika nyonga, hakutembea tena. "Waliujaribu," akasema, "ila mahali pakavu."

Kwa zaidi ya mwezi nimemwona kama mtu anayeogopa vitu vipya. Haogopi vitu vipya. Anamwogopea mtu atakayevivaa.

Jumapili, 13 Aprili

Kumi na nne.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Baba amekuja mjini kwa ibada akapitia karakana, mara ya kwanza. Alisimama mbele ya mashine ya waipa muda mrefu akiutazama mguu ukipiga magoti na kuinuka. "Huyu hachoki?" akauliza. Nikamwambia ndicho tunachotaka kujua. Akauliza vile vidude vyangu viko wapi. Nikamwambia vimo, havionekani. Akatazama karibu zaidi, kama mtu anayetafuta kupe kwenye sikio la ndama.

Mahindi yake yameota vizuri.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Kumi na nne. Ujumbe wake una neno la ziada: "Nimecheza kanisani."

Jumapili, 27 Aprili

Kumi na tano. Anasema ukungu haujaondoka siku tatu, ng'ombe wenyewe wanatetemeka. Ni baridi. Nilimwambia mwenyewe kwamba ni baridi. Nimerudia kulisoma jedwali langu la joto mara nyingi kuliko inavyofaa.

Jumapili, 4 Mei

Kumi na nne. Nimekula vizuri.

Alhamisi, 8 Mei

Asubuhi simu iliita nikiwa ninafungua madirisha ya karakana. Nanyokie hakusalimia.

"Ishirini na mbili," akasema.

Nilimwomba apime tena, afute parafujo kwanza. Nikamsikia akifuta. "Ishirini na mbili."

Akanieleza. Jana punda aliyebebeshwa maji aliteleza akamgonga, mguu bandia ukapiga jiwe upande wa nje, juu kidogo ya kifundo. Hakuna ufa anaouona. Amepapasa kwa ukucha, hakuna. Angeupuuza, lakini mke wa Lekoko amepatwa na uchungu tangu alfajiri. Boma la Lekoko liko ng'ambo ya korongo, na gari haliwezi kufika, barabara imeliwa. Vijana wametengeneza machela. Yule mwanamke amekataa kulala kwenye machela mpaka Nanyokie awe kando yake, maana ni uzazi wa kwanza na dada yake alifia njiani.

Kichwani mwangu lilikuwepo neno moja tu, usiende. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha nikaona kwamba nikisema usiende, wa kwanza kuwa salama ni mimi. Mguu wangu hautavunjika, jina langu halitaandikwa popote, na mke wa Lekoko atabaki kule alipo.

"Yeyo," nikasema, "sijui kama..."

"Sikuulizi kama niende," akasema. "Ninakuuliza niende namna gani."

Nikamwambia anipe muda wa kuchemsha chai, nitampigia. Akasema atakuwa anavaa.

Hilary alikuwa ameshamtoa pacha kwenye mashine. Nadhani aliusoma uso wangu. Tulimkaza kwenye jiliwa, Hilary akachukua nyundo, akafunga kichwa chake kwa kitambaa, tukaanza kumpiga upande wa nje, juu kidogo ya kifundo, mimi nimeshika mita. Kumi na nne. Kumi na sita. Kumi na tisa. Hilary akapangusa jasho. Ishirini na tatu. Tukasimama hapo, tumemwumiza pacha kuliko alivyoumia mwenzake.

Sasa ilibaki uzito. Mota ya waipa isingeweza uzito wa mtu mzima anayeteremka, na magunia ya mchanga tuliyokuwa nayo yalikuwa yameoza kwa mvua. Hilary ni mwembamba, mimi ndiyo usiseme.

Hapo ndipo baba alipoingia mlangoni na gunia la mahindi begani. Alikuwa amekuja mashineni kusaga, mvua ikamkimbiza kwetu. Aliona pacha, nyundo na nyuso zetu. Nilimweleza kwa maneno machache. Mama wa Endulen, mwanamke mwenye uchungu, ufa usioonekana.

Baba aliteremsha gunia. Akavua buti.

"Nisimame wapi?"

Tuliweka ubao juu ya pacha, Hilary akamshika mkono mmoja, mimi nikamshika mwingine kwa mkono ulio huru, na baba yangu akapanda. Alisimama juu ya katani yangu na vineli vyangu kwa uzito wake wote, uzito wa mtu aliyelima maisha yake yote. Akashuka. Akapanda. "Sasa pamoja na gunia," akasema, tukamtwika gunia. Akapanda, akashuka, akapanda. Tulihesabu hatua mpaka tukaacha kuhesabu, tukawa tunatazama namba tu. Ishirini na tatu. Ishirini na tatu. Ishirini na nne, ikakaa hapo. Maji ya pipa yalikuwa bado yanamtoka pacha yakidondoka kwenye sakafu.

"Ngoja niyumbe huku na huku," baba akasema akihema, "korongo halina sakafu." Akaanza kuegemea upande mmoja, kisha mwingine, kama mtu anayeshuka mteremko. Ishirini na nne.

Nilimtazama Hilary. Pamoja na yote niliyosoma, nilihitaji mtu mmoja anitazame usoni anijibu. Akasema, "Mimi ningemvisha."

Nikapiga simu.

"Yeyo, nisikilize. Kutembea, utakubeba. Kuteremka polepole, utakubeba. Kuruka, sina uhakika, usiruke hata kama ni mfereji mdogo, wakushike mikono. Shika fimbo upande wa mguu wako mzima. Ukifika korongoni, pima. Ikifika thelathini, kaa chini, wakubebe na wewe."

"Thelathini, nakaa," akasema. "Nimesikia."

"Yeyo. Sikuahidi."

"Ndiyo maana ninakuamini," akasema, na mtandao ukakata.

Baba hakwenda kusaga. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, buti ziko mkononi. Mchana wote nilipiga simu haipatikani. Mvua ilisimama, ikaanza, ikasimama. Hilary alifagia karakana iliyokuwa safi. Sasa ni saa ya kufunga na sina cha kuandika.

Ijumaa, 9 Mei

Amepiga akiwa hospitali.

Walifika korongoni namba ikiwa ishirini na tatu. Wakashuka, vijana na machela, yeye mbele kwa fimbo akipima ardhi, akimwambia yule mwanamke kila jiwe linalokuja. Katikati ya mpando wa pili mtoto hakungoja tena. Nanyokie alipiga magoti kwenye matope, goti la nyama na goti la katani, wakamsitiri kwa mashuka, akampokea. Mtoto wa kike. Wakaendelea mpaka wodini, mama kwenye machela, mtoto kifuani mwa Nanyokie, naye Nanyokie akitembea.

"Mama yuko kitandani, anakula," akasema. "Mtoto analia vizuri. Mguu nimeuosha, uko mlangoni."

"Namba?" nikauliza.

"Ishirini na nne. Haujanidanganya hata mara moja."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya karakana, kati ya vipande vya plasta, nikamwambia Hilary namba. Akaenda kuifuta mashine ya waipa vumbi. Alichukua muda mrefu, na alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu.

Jumapili, 11 Mei

Nimemwomba apumzike na atumie magongo mpaka nimtengenezee mwingine. Amekubali kwa sharti la kwamba mwingine uwe mweusi vile vile.

Alhamisi, 15 Mei. Qurus

Nimemfuma baba gulioni. Alikuwa amezungukwa na wazee wenzake pale wanapouzia vitunguu, anaeleza. Nilisimama nyuma ya turubai nisionekane.

"Ni mirija," anasema, "ila huioni. Mtoto wangu anaichemsha kwenye asidi, inaota mikono. Ikishaota mikono, inashikana na gundi, gundi inashika katani, katani inambeba mtu. Sasa ufa ukija, unakuta mikono. Utapita wapi?"

Mzee mmoja akauliza ni nani aliyehakikisha.

"Mimi," baba akasema. "Nilisimama juu yake na gunia."

Nimefanya utetezi wa pendekezo la utafiti mbele ya maprofesa na slaidi zenye rangi. Sikuwahi kueleza vizuri hivyo.

Jioni alinipa debe la maharage nimpelekee Nanyokie. "Mwambie ni mboga tu," akasema. "Na kama babu zake waliwahi kunywa maziwa ya ng'ombe wetu, basi."

Jumanne, 20 Mei

Msimamizi ameandika kutoka chuoni. Anasema grafu ni nzuri lakini namba ya tarehe 8 Mei "haikupatikana katika mazingira yaliyodhibitiwa." Nimemjibu kwamba ni kweli, na kwamba nitaiacha kwenye tasnifu hivyo hivyo, pamoja na maelezo ya gunia.

Jumapili, 25 Mei

Mvua zimepungua. Mguu mpya umekauka kwenye kalibu. Safari hii nimeongeza tabaka moja la katani juu ya kifundo. Hilary ndiye aliyeonyesha ni wapi, mimi nikaonyesha ni pembe gani. Tulibishana asubuhi nzima, tukacheka mchana.

Alhamisi, 5 Juni

Nanyokie amekuja na gari la wamisionari, magongo mkononi, mguu ule uliopiga jiwe umefungwa kwenye khanga. Maharage ya baba aliyapokea kwa mikono miwili akasema atamtumia siagi.

Nilimwambia ninahitaji kuupasua ule mguu nione ndani. Nilidhani atasita, maana ulishakuwa wake. Akasema, "Pasua. Nami nione."

Hilary alishika msumeno. Tulikata taratibu kupita pale ulipopiga jiwe, nikaosha vumbi kwa maji na kulipangusa, nikauleta dirishani. Kwa lenzi ufa ulionekana wazi, mstari mwembamba kama mshipa wa jani. Umeingia kwa nguvu kwenye faiba ya nje. Umefika kwenye katani, pale ambapo miguu yangu yote ya mwaka jana iliachana. Hapo umepinda, umekuwa mwembamba zaidi, umejaribu kufuata uzi mmoja wa katani kwa ubavu, na umeishia. Haukufika mwisho wa uzi. Vineli vyenyewe hatuvioni hata kwa lenzi. Tunaona tu mahali vilipokataa.

Nilimpa Nanyokie lenzi. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hapa ndipo nilipokuwa na mtoto kifuani," akasema.

"Ndiyo, yeyo."

Akamrudishia Hilary lenzi, akavaa mguu mpya, akakaza mikanda mwenyewe. Nilipima: kumi na tatu. Akainuka, akafungua mlango, akamwita mtu aliyekuwa akingoja garini. Alikuwa mzee mmoja wa Endulen aitwaye Tobiko, mguu wake wa kulia umeishia chini kidogo ya goti, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini. Hakuwa na jina kwenye orodha yetu wala kwenye utafiti wangu. Nanyokie alikuwa amemleta tu, kama anavyowaleta wote.

Tulimkalisha. Hilary akaanza kuloweka bandeji za plasta, mimi nikachukua utepe nikapiga goti mbele ya kile kigutu. Yule mzee alikuwa amekaza taya, hataki kutazama. Nanyokie akasogeza stuli akaketi karibu yake, akagonga mguu wake mweusi kwa kifundo cha kidole ausikie, akaanza kumweleza kwa Kimaasai. Alionyesha parafujo. Alionyesha mita. Alifumba vidole vya mkono mmoja ndani ya vidole vya mwingine akavivuta, visiachane. Sikuelewa neno hata moja mpaka katikati, nikasikia jina langu, kisha akaendelea, kisha nikalisikia tena.

Yule mzee akalegeza taya. Akaninyooshea mguu.

Nikaanza kupima.